Zeze Lako na Betri Zilizochoka

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia marahaba, ila mdomo umezoea. Ninaogopa, Baba, na niliyekuwa namkimbilia nikiogopa ni wewe.

Unakumbuka mwaka ule maduka ya Babati yalipobaki na rafu na mwenye duka tu? Tulifulia majani ya mpapai, sukari tukawa tunaisikia kwa watu. Afisa utamaduni akatuagiza walimu tunase sauti za ala za asili kabla wazee hamjatutoka. Uliyacheka sana maneno hayo. Nikaja kwako Singe na redio kaseti ya kuazima, na betri nilizozianika juu ya bati zipate nguvu kidogo.

Ulikuwa kwenye kigoda unapaka upinde utomvu. Ukanikataza kugusa kibuyu cha zeze, maana ngozi ya kenge ilikuwa bado mbichi. Kisha ukaiinamia redio.

"Inanasa kweli hiyo?"

"Inanasa, Baba."

Ukapiga mpaka Mama akaweka ungo chini.

Kumbe betri zilikuwa zinakata roho, utepe ukawa unajikokota wakati wa kunasa. Leo maduka yana betri mpya, na nikiziweka, zeze lako linakimbia na kulia juu juu, nawe unaongea kama mtoto mdogo. Wanafunzi wangu wanacheka. Mimi naizima.

Jumatatu afisa anakuja kuchukua kaseti pamoja na zeze, vikawekwe makumbusho. Wataandika kwamba hivi ndivyo lilivyolia. Atakayejifunza atakaza kamba kufuata sauti ya uongo, na wa kumsahihisha hayupo, kwani wenzako wote wamekufuata. Nimebaki na sikio langu, nalo nimeanza kulitilia shaka. Nikiimba wimbo wako nikiwa nafua, sijui tena uanzie wapi. Siku tuliyokuzika sikuogopa hivi.

Basi leo nimechukua betri zilizochoka kwenye tochi, sikuzianika. Nikakaa na zeze mapajani, nikawa nacheza kaseti na kuirudisha mwanzo. Ulianza mtoto, ukawa kijana, sauti ikazidi kushuka, na ghafla ukawa wewe: "Inanasa kweli hiyo?" Nililia, Baba, lakini mkono haukuacha kigingi cha kukazia kamba. Nikakaza kamba mpaka ikalingana na yako. Redio ikazima kabla wimbo haujaisha.

Nikamwita mjukuu wako Paskalina, aliyekulia magotini pako ukipiga. Nikamwambia aimbe ule mwanzo kama anavyoukumbuka, bila kumsikilizisha kamba kwanza. Akaimba. Nikapiga.

Sauti zetu hazikukutana.

"Mama, Babu alikuwa chini zaidi," akasema, akaenda zake kuchota maji.

Betri zimekufa kabisa. Kigingi sijakigusa tena, mkono unakataa. Pumzika, Baba, ila leo usilale fofofo. Nitapiga kamba moja tu, taratibu, nikiwa nimeligeukia kaburi lako. Kama ndiyo yenyewe, nyamaza. Kama siyo, nakuomba, nikataze kama siku ile ya kibuyu.

Binti yako,
Mama Paskalina