Kaka Anataka Ndege ya Injini Moja, na Aliyetumwa Kupima Soko ni Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako ingawa najua wengi wanakuletea ya ndoa na mimi nakuletea ya ndege, lakini nimebanwa kila upande na sina wa kumwambia, maana yule ninayemwambia shida zangu siku zote ndiye shida yenyewe safari hii. Mimi na kaka yangu tuna kampuni ndogo ya ndege, yeye ni rubani, mimi nakaa kaunta, nakata tiketi, napima mizigo, naamua nani akae mbele na nani nyuma kulingana na uzito wake bila kumuudhi, na ndege yenyewe ni moja tu, kuukuu, ya injini mbili, inayokunywa petroli ya aina yake ambayo siku hizi kuipata ni shughuli, na kila ikiharibika fundi anaagiza kipuri na sisi tunakaa mlangoni tukitazamana, na tukiendelea hivi tutafunga ofisi, hilo nalijua.

Sasa imetoka ndege mpya, injini yake moja, ya jamii ya zile za jeti ila inazungusha pangaboi puani, inatumia mafuta yale yale ya ndege kubwa, mlango wake wa nyuma unapitisha machela na mgonjwa juu yake, inatua kwenye uwanja mfupi wa changarawe, na kaka kaipenda mpaka picha yake kaibandika kwenye jokofu nyumbani kwake, na wifi yangu, badala ya kumkemea, akamshikia gundi. Akaniambia, "Mdogo wangu, watu wewe ndiye unayewajua. Kawaulize. Wakisema wataipanda, nasaini. Wakisema hapana, naachana nayo, hutanisikia nikiitaja tena."

Nikauliza. Mhasibu wa kampuni ya machimbo akasema kanuni zao zinataka injini mbili, mazungumzo yakaishia hapo. Abiria wengine niliwauliza pale pale kaunta wakiwa wanasubiri kupanda, "Ndege ya injini moja tu, ikizima huko juu hakuna nyingine, utapanda?" na wakatikisa vichwa, mmoja akataka kujua kama hata hii ya leo ni salama. Mama anayesafirisha vifaranga, ambaye maboksi yake hulia ofisi nzima mpaka simu hazisikiki, hakujibu swali, aliniambia, "Mimi sihesabu injini, mwanangu. Nyie mnanishushia vifaranga mjini, halafu navipakia kwenye lori, safari ya siku nzima, nusu vinanifia njiani. Hiyo mpya itatua kwetu?" Nikamwambia sijui, na sikumweka kwenye majibu, na daktari wa zahanati ya mlimani naye alijibu pembeni vivyo hivyo, akaniuliza habari za wagonjwa wake, nikamwacha.

Kwa hiyo majibu ninayo, soko hakuna, lakini kila nikitaka kumpa kaka naahirisha, kwa sababu nikimwambia hivyo namvunja moyo, na nikimwambia soko lipo anapaa na injini moja, na yeye ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Ijumaa anataka jibu. Nimwambie nini?

Mdogo wa Rubani

*Mshauri anajibu:*

Mdogo wa Rubani, pole kwa mzigo huo. Nitakuwa mkali kidogo, univumilie.

Tuanze na swali lako. "Ikizima huko juu hakuna nyingine, utapanda?" Hata mimi ningekataa, tena ningerudi nyumbani kwa miguu. Mwenye mgahawa akisimama mlangoni na kuwauliza wateja, "Mpishi wetu akisahau kunawa, mtakula?" atafunga kabla ya saa sita, na chakula hakina kosa. Wewe hukupima soko. Uliwatisha watu, kisha ukapima woga wao.

Halafu uliwauliza wanaopanda ndege mliyo nayo. Hao wana pa kwenda tayari. Wateja wa ndege mpya ni wale ambao hawaji kwenye kaunta yako kwa sababu hamtui kwao. Yule mama alikuwekea soko mezani, likilia ndani ya boksi, ukasema hakujibu swali. Daktari naye ukamwacha, na mlango wa machela umeutaja mwenyewe. Jamani.

Sikudanganyi kwamba wote watapanda. Watu wa machimbo mtawapoteza, kwa hiyo hesabu zenu zifanyeni bila wao. Ila rudi kwa waliobaki, na kwa wa vijiji ambavyo hamjawahi kutua, uwaulize jambo la maana: unataka kufika wapi ambako leo hufiki, na utakwenda kila lini? Wakikuuliza kuhusu injini, mwachie fundi wenu aeleze, mazuri na mabaya yake, bila kuficha. Muuzaji wa ndege hiyo naye asiwape maneno matamu. Aseme vipuri vitakaa wapi na nani atamfundisha fundi, kisha ailete hiyo ndege itue kwenye uwanja wenu mfupi kuliko vyote, kaka yako akiwa ndani. Akianza kuzungukazunguka, mwacheni aende zake. Kwa haya uliyoniandikia, naona mnayo nafasi nzuri, na ningesikitika mkiipoteza kwa swali lililoulizwa vibaya.

Sasa tuje kwenye lako. Anayeuliza namna ile anatafuta kuambiwa hapana. Hukuogopa soko, ulimwogopea kaka yako. Hilo ni pendo na halina aibu, lakini umelivika koti la biashara, na ukimpelekea hivyo ataachana na kitu alichokitamani bila kujua kwamba aliyemzuia ni wewe. Tena jiulize, leo anarusha nini? Anarusha ndege kuukuu inayoishi kwa kusubiri vipuri. Umeizoea tu, ndiyo maana haikutishi.

Basi usingoje Ijumaa. Leo mkifunga ofisi, mwambie majibu uliyokusanya hayafai, na umweleze kwa nini hayafai. Mwombe muda wa kuuliza upya. Kisha mwambie, "Kaka, nakuogopea," na unyamaze, usijitetee, usiingize habari za mafuta wala changarawe. Mkishaambiana ukweli, kuzungumzia ndege itakuwa kazi nyepesi. Kaka yako anakwenda hewani kila siku na roho za watu mgongoni, anarudi, mnafunga hesabu, mnaagana. Nadhani amesubiri miaka mingi mtu amuulize kama na yeye huogopa.