Mti wa Kahawa Kwenye Kona

Iyula, 4 Machi 2024

Mjukuu wangu Faith,

Hujambo huko Tunduma? Mimi mzima, ila magoti yana mambo yake. Anayeandika ni Restuta, binti wa jirani, nimemkataza kunipambia maneno.

Kitabu ulichotunga amenisomea chote. Mji mzima unaacha mahindi yamezwe na magugu, watu wanagombania mpira: ni sisi kabisa. Lakini ule mti wa kahawa kwenye kona ya uwanja, unaokatwa ndipo timu inashinda, ni wangu. Sasa Barnaba, kapteni wetu, naye amekisoma. Tumefungwa mechi saba. Jana kaja na shoka: "Bibi, hata Faith kaandika, mkosi ni huu mti." Nikamwambia, "Mkosi ni miguu yako." Wenzake wakacheka, wakaondoka. Watarudi baada ya Pasaka.

Chini yake nilizika kitovu cha marehemu mama yako. Aliniachia huo mti na wewe, basi. Njoo uwaambie kitabu ni kitabu. Nimechoka kukaa chini yake na kigoda changu nikiulinda.

Bibi yako

Tunduma, 19 Machi 2024

Shikamoo Bibi,

Pole na magoti. Sisi wazima, malori tu yamejaa mpakani hadi hatupiti. Habari ya kitovu sikuijua, nisamehe. Kitabuni ule mti ni ishara tu, ya mazoea ya zamani yanayozuia mji kusonga mbele. Nimemwandikia Barnaba barua ndefu kumweleza. Kazi imenibana, nitakuja wakati wa kuvuna.

Mjukuu wako, Faith

Iyula, 11 Mei 2024

Mjukuu wangu,

Bado napumua. Barua uliyomwandikia Barnaba aliisoma uwanjani kwa sauti. Alipofika pale pa mazoea ya zamani wakapiga makofi, wakachukua shoka. Alininyanyua pamoja na kigoda, taratibu kama anambeba mama mkwe wake, akaniweka kivulini. Akaukata.

Jumapili wakafungwa tatu bila. Wakaja kwangu kunipa pole, wamejiinamia kama wako msibani. Nikawapikia viazi. Ningefanyaje, wana njaa.

Sina hasira, nimechoka tu. Kisiki kimechipua. Restuta anasema utaandika kwamba hiyo nayo ni ishara. Usithubutu! Kahawa ukiikata inachipua, ndivyo ilivyo. Wewe njoo na waya tujenge uzio, machipukizi yasiliwe. Mbuzi hawaelezwi kwa barua.

Bibi yako