Mahari pa Amani

Mama Nekesa,

Ni mimi. Nimeketi uani, kwa ile meza ya kuchanganyia rangi, na nimevaa koti. Ndiyo, koti, asubuhi hii yote, na kola inanikaba. Nekesa amenikataza kushika kitu chochote chenye rangi leo, kwa hivyo nimeshika kalamu, angalau mikono ipate kazi. Ukikuta herufi zote humu zimekaa sawa, ujue binti yako amezipitia. Unajua vile mimi huandika.

Tunangoja wageni. Wakwe wanatoka Bungoma, wanakuja, kama watakuja. Nasema "kama" kwa sababu ya kitu nilichofanya huko kwao, na nataka ukisikie kwangu kabla hujakisikia kwa mwingine. Huko uliko watu wa Bungoma hawakosi, na kuficha maneno hawajui.

Lakini wacha nikupe habari za kazi kwanza, nipate kupumua. Tangu uende, mtu akifungua duka anakimbilia vijana wa mashine. Wanampa bango la plastiki lenye picha yake akitabasamu, na jua la Kitale halimalizi mwaka kabla ya kumfanya mzungu. Hapo ndipo anakumbuka kuna mzee wa brashi. Kwa hivyo bado nakula. Nilienda Endebess kukwangua na kupaka upya duka la dawa za mifugo. Herufi zilitoka vizuri. Ng'ombe je? Mwenye duka alimtazama, akaniuliza kwa heshima kama huyo ni mbwa wa kulinda. Nimemwongezea pembe. Sasa ni mbwa mwenye pembe. Na kule kwetu Ndalu niliandika KUKU WA KUKALANGA, ukuta mzima, na hakuna mtu hata mmoja aliyeona kosa, maana sote tunamkalanga hivyo hivyo.

Hiyo ya Ndalu ndiyo inanileta kwa jambo lenyewe.

Shida yangu uliijua na ukakubali kuolewa nayo. Sisi wengine wa pande zile, L na R zikiingia sikioni hatujui ipi imetangulia. Wewe ulikulia hapa mjini, kwa yadi ya mbao ya Wahindi ambapo baba yako alikuwa karani, katikati ya watoto wa kila lugha, na sikio lako lilikuwa safi. Nakumbuka kazi yetu ya kwanza pamoja. Ulinitajia herufi kwa jina lake, nikaandika ile nyingine, nikafuta, ukanitajia tena, nikaandika ile ile. Ukacheka mpaka ukashika mti wa stima. Kisha ukazibatiza upya. L ukaiita kona. R ukaiita mguu, kwa ule mguu inaotupa nje kama mtu anayetaka kumwangusha mwenzake. Tangu siku hiyo mimi nilikuwa juu ya ngazi na chaki, wewe ng'ambo ya barabara na mwavuli, na unanipigia kelele, "Baba Nekesa, hapo weka kona." Wapita njia walidhani tunajenga nyumba.

Sasa sikia. Unakumbuka Mzee Simiyu, baba yake Wanjala, alikuja hapa mara moja tu, wewe ukiwa tayari umelala kwa kile kitanda cha sebuleni. Mazungumzo ya ndoa ya Nekesa na Wanjala yakasimamishwa mpaka upone. Hukupona. Baadaye yakawa mpaka matanga yapite, kisha mpaka mwaka uishe, kisha yakawa tu hayazungumzwi. Wanjala hajabadilika, bado anampigia Nekesa kila siku kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa. Lakini baba yake ana ndugu, Khaemba, mwenye sauti kubwa kwenye ukoo, na huyo alikuwa ameanza kusema ati nyumba isiyo na mama itawapokeaje wakwe. Tukasikia pia kwamba amemtazamia Wanjala msichana mwingine huko Naitiri. Nekesa hakulia. Alianza tu kufua nguo ambazo zilikuwa safi. Wewe ungeelewa.

Ndipo Mzee Simiyu akanipigia simu mwenyewe. Alikuwa anafungua hoteli pale Bungoma, ya chakula na vyumba viwili vya kulala wageni, na akataka jina liandikwe na mtu wa nyumbani. Mtu wa nyumbani, Mama Nekesa. Nililibeba neno hilo siku nzima kama yai. Nikajiambia nikifanya kazi safi, mazungumzo yatafufuka. Nekesa nilimficha, kwa sababu najua angesema tunajipendekeza. Nilimwambia naenda Endebess kumrekebisha yule ng'ombe.

Jina nilipewa na mzee mwenyewe, kwa mdomo, tukiwa tumesimama barazani. Alikuwa amelifikiria sana. Pahali ambapo mtu anakaa, anakula, anatulia. Na vile alivyolitamka ndivyo nilivyolisikia, na nilivyolisikia ndivyo nilivyoliandika. Kwa kawaida siku hizi nikikwama kwa kona na mguu nampigia Nekesa. Lakini ningempigiaje, nami niko Endebess?

Nikapiga uzi wa chaki ili mstari unyooke, nikachora, nikapaka. Nyekundu, na kivuli cheusi upande wa kulia, herufi ndefu kama mkono mpaka kiwiko. Naapa ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote nilizofanya tangu uende. MAHARI PA AMANI.

Nilikuwa nimebakisha kivuli cha I ya mwisho wakati dereva wa gari la mkate aliposimama. Huyo si mtu wa pande zetu, ni wa Kisumu. Akasoma kwa sauti. Akasoma tena. Akaniuliza kama hapa watu watakuwa wanakula ama wanakuja kulipia wanawake. Waliokuwa kwenye baraza wakacheka, mimi pia nikacheka, maana sikuelewa na sikutaka ionekane.

Khaemba ndiye hakucheka. Alitoka ndani na kikombe cha chai, akatazama juu muda mrefu, na nikaona chai ikianza kumwagika upande mmoja bila yeye kujua.

"Kwa hivyo umekuja kutudai kwa ukuta," akasema.

Mama Nekesa, nilishika ngazi kwa mikono miwili. Mzee Simiyu akaitwa. Akatazama. Akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio uliniogopesha, kama hilo ndilo jina alilonipa.

"Mimi nilikwambia mahari," akasema.

"Na ndiyo nimeandika, mzee. Mahari."

"Si hiyo mahari," akasema Khaemba. "Mahari. Ya kukaa."

Tukatazamana wazee watatu. Kila mmoja alikuwa na maneno mawili kichwani, na mdomoni lilitoka moja. Tulirudia hivyo mara ngapi sijui. Dereva wa mkate alikuwa ameketi juu ya kreti zake, amejifunika uso kwa kofia, mabega yanaruka. Ungekuwepo ungeketi karibu naye. Lakini mimi nilikuwa nimeanza kuelewa. Kwao ilionekana wazi kabisa: baba wa msichana amechoka kungoja, amepanda juu ya nyumba ya wakwe na kuandika deni lao kwa rangi nyekundu, barabara yote isome.

Khaemba alianza kupiga simu. Nilimsikia akimwambia Wanjala aachane na watu wa Kitale kuanzia leo, kwamba wamewavua nguo. Akaniamuru nifute. Mzee Simiyu aliingia ndani. Nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa. Rangi ilikuwa bado mbichi, ingetoka. Kwa haraka nilifuta kivuli cha N ambayo haikuwa na kosa lolote.

Simu yangu ikalia. Nekesa.

Akaniuliza niko wapi. Nikasema Endebess. Akasema Wanjala amempigia na kila kitu anajua, kwa hivyo nisimharibie wakati. Alikuwa na ile sauti yako, ile ya hospitali, ya mtu ambaye ameamua atalia baadaye.

"Baba, hiyo ya katikati. Umeweka kona ama mguu?"

"Mguu."

Chini yangu Khaemba alikuwa ananiambia niharakishe.

"Umewaandikia mahari," akasema Nekesa. "Ile ya ng'ombe. Baba, usifute. Ukifuta sasa watasema ulikusudia kisha ukaogopa. Shuka uende kwa mzee umwambie ukweli. Halafu yeye ndiye aseme."

Nikamwambia hivi ni kama nimeharibu. Akasema ndiyo, umeharibu, shuka.

Nikashuka. Khaemba alinifuata mpaka mlangoni akiuliza naenda wapi na ukuta bado uko vile. Mzee Simiyu alikuwa ameketi peke yake katikati ya viti vipya vya plastiki, bado vimefungwa karatasi. Sikukaa, hakuniambia nikae. Nikamwambia kuhusu wewe. Nikamwambia miaka yote hiyo mimi nilikuwa mkono tu, kwamba mabango yote ya Kitale na Bungoma anayoyasifu, mwenye sikio alikuwa wewe, ng'ambo ya barabara. Kwamba sijui tofauti ya herufi hizo mbili mpaka sasa nikisimama mbele yake. Kwamba kama ningetaka kudai ningekuja na koti, nibishe hodi, nisingekuja na ngazi. Nilipofika kwa jina lako, nikageuza uso. Niliangalia viti.

Khaemba mlangoni alianza kusema kitu kuhusu heshima, na mzee akainua mkono bila kumgeukia.

"Hiyo umeandika," akaniuliza, "ni uongo?"

Hakungoja nijibu.

"Mama ya msichana alituona siku ile tulipokuja," akasema. "Alikuwa hawezi kuinuka, na alisema watuletee chai na mayai. Tukakula. Tukaenda. Alikufa akitungoja." Halafu akamwambia ndugu yake, "Iache. Ikae hapo juu mpaka tulete."

Khaemba akasema wageni wa kufungua hoteli watatucheka. Mzee akasema wacheke wakikula. Khaemba akatoka akapiga mlango, ambao pia nilikuwa nimeupaka siku hiyo, na alama ya kiganja chake iko pale mpaka leo.

Basi hoteli ilifunguliwa hivyo hivyo. Nasikia imejaa. Watu wanatoka mpaka Chwele kuja kula kwa Mahari, na kila anayemaliza chai anamuuliza mzee kama amelipa. Yeye anajibu bado. Anajibu hivyo kila siku, mbele ya kila mtu, na sijui kama mimi ningeweza.

Lakini sikufichi. Khaemba hajatusemesha tangu siku ile. Ametuma neno kwamba siku ya kuja, kama yeye hataridhika na vile atakavyopokewa, atainuka, na akiinuka nusu ya ukoo itainuka naye. Unajua vile mambo hayo huwa. Mtu mmoja anasukuma kiti nyuma na msichana anakaa nyumbani miaka mingine. Kwa hivyo dada yako amekuja kushika mahali pako, ameamka kabla ya jogoo na kugombana na kila sufuria. Nekesa ameunyunyizia ua maji mara mbili. Amenipita hapa nikiandika, akanirekebisha kola, na vidole vyake vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka mtoni. Mimi nikajifanya mjanja, nikamwambia maishani nimepaka kila kitu isipokuwa midomo. Hakucheka, Mama Nekesa. Mzaha wangu bila wewe hauna wa kuanza kucheka, wengine wafuate.

Wewe ulikuwa na msimamo wako kuhusu ng'ombe. Ulinihesabia kwa vidole hapo kitandani, na ukaniapisha nisilegee, kwa sababu unanijua mimi hulegea hata nikinunua nyanya. Nisamehe mapema. Leo nitakubali watakachokuja nacho. Nitapokea kwa mikono miwili, na Khaemba nitamkaribisha kabla ya kaka yake, nimpe kiti chenye mto, na akianza maneno sitamjibu hata moja. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na unajua imenigharimu.

Nilikuwa nataka kumalizia hapa lakini Nekesa ametoka ndani mbio na simu mkononi. Wanjala amepiga. Wameshatoka Bungoma, gari mbili, na Khaemba ndiye aliyekaa mbele kwenye gari la kwanza, na amebeba mwenyewe jogoo mapajani, amekataa kumpa mtu mwingine amshike.

Sijui jogoo ana maana gani, kama ni wa kupatana ama wa kuvunja. Nekesa naye hajui. Amesimama hapa anasoma juu ya bega langu, na anasema nikuage, nivae viatu.

Pumzika, mke wangu. Niko chini leo, sijapanda popote.

Baba Nekesa