Kuonja Si Kula

Kwa Dada yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote mnaokaa chini ya paa moja. Natumaini u mzima, na kama kifua kimekubana tena basi kipone upesi, maana haya ninayotaka kukuambia yanahitaji msomaji mwenye pumzi. Sisi huku hatujambo. Binti yangu anakusalimu. Magoti yangu siku hizi yanapanda ngazi za kantini bila kulalamika. Mimi mwenyewe nina hasira. Nimetanguliza salamu kwa sababu Mama alitulea hivyo. Tungekuwa ana kwa ana ningetanguliza hasira.

Najua umenipigia simu mara tisa tangu Jumapili ile. Simu haikuharibika, wala sikuwa nimeisahau mahali. Nilikuwa naitazama ikilia mpaka inyamaze. Nasikia umemwambia binti yangu kwamba nimenuna kama mtoto aliyenyimwa peremende. Haya, aliyenuna ameshika kalamu, na leo huwezi kunikatiza katikati ya sentensi.

Dada, lile daftari la bluu ulilolishusha juu ya kabati la vyombo lilikuwa langu. Sikuwa nimelificha, ni kweli, lakini hata mswaki wa mtu haufichwi na hakuna anayeuazima. Wakwe watarajiwa wa binti yangu ndio kwanza walikuwa wamekaa, mara yao ya kwanza kuingia kwangu, nami nilikuwa jikoni napakua wali. Nikasikia vicheko. Nilipotoka na bakuli mkononi nikakukuta umevaa miwani yako ya ualimu mkuu, unawasomea wageni: Jumatatu, mayai mawili ya kuchemsha na chai bila sukari, Jumanne, kipande cha mkate, halafu kipande kingine, halafu nusu ya kipande nilichokuwa nimeapa sitakigusa. Mama mkwe alicheka mpaka akashika meza. Ukatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba, ukaweka alama ya vema kwenye siku za mboga na alama ya kosa kwenye siku za keki, na chini ya ukurasa ukaandika, kwa mwandiko wako ule mzuri, “Jitahidi zaidi.”

Na mimi nikacheka pamoja nao. Nilicheka ili wageni wasione haya, nikagawa wali, nikakuuliza kama mchuzi unakutosha. Tangu siku hiyo najiuliza kwa nini sikukumwagia.

Jitahidi zaidi! Ngoja nikueleze daftari lile ni nini, maana ulilisahihisha bila kuuliza ni somo gani.

Miaka mitatu iliyopita nilipanda kwenye mizani ya kliniki, ikasoma kilo mia moja na nne. Sukari ilikuwa inabisha hodi. Muuguzi wa pale, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo, hakunifokea wala hakunitisha na habari za sukari ya Mama, ingawa zilikuwa kwenye faili. Alinipa daftari. Akasema niandike kila kinachopita mdomoni, saa ngapi na kiasi gani, na nisidhani ni kazi ya wiki mbili. Kupunguza mwili ni kazi ya miezi, akasema, lakini kuutunza usirudi ni kazi ya maisha, na anayeacha kuandika huwa ameanza kujidanganya.

Nikaandika mwezi mzima kwa uaminifu wote, na mshale haukusogea. Nikamrudia muuguzi nikamwambia mizani yao ni mbovu. Akapekua kurasa, akauliza kama mpishi wa kantini ya kiwanda haonji chakula. Nikamjibu kwa kiburi kwamba kuonja si kula. Unaujua msemo huo, Dada, umeusikia nyumbani kwetu tangu hujaota meno. Hakubishana nami. Aliniambia nikae siku moja na kikombe kando ya jiko, na kila nitakapoonja, nitie kiasi kilekile humo.

Kesho yake nikapika kwa watu mia nne kama kawaida. Maharage kijiko, wali kijiko, mchuzi wa nyama vijiko vitatu kwa sababu chumvi ilikuwa inanikwepa. Kabla ya saa nne asubuhi kikombe kilikuwa kimejaa. Ilipolia kengele ya mchana nilikuwa nimejaza na bakuli la supu, na bado nilitaka kukaa na sahani yangu kama mtu aliyetoka kufunga. Miaka ishirini na miwili nilikuwa nakula milo miwili ya mchana kila siku, mmoja nauita chakula na mwingine nauita kazi. Wapishi wenzangu niliowaonyesha lile bakuli walianza kila mmoja kutazama tumbo lake.

Tangu hapo naonja kwa ncha ya kijiko cha chai, na kila ncha naichorea mstari. Ndiyo ile mistari uliyosema inafanana na ya mfungwa anayehesabu siku. Kilo zikashuka polepole mpaka themanini na moja. Mizani ikakaa hapo miezi kumi na minne, Dada. Wewe unayebadilisha dawa ya kupungua kila mwaka unajua miezi kumi na minne ni nini.

Lakini kulikuwa na kurasa chafu. Siku mbili tatu hivi naweza kula vizuri, halafu ghafla nasimama mbele ya kabati nikimaliza keki ya watu kumi, sijakaa hata kwenye kiti. Muuguzi akanichorea safu ya mwisho, niandike kilichotangulia. Nikawa naandika njaa, njaa, njaa. Akaniambia njaa haiji nusu saa baada ya chakula cha mchana, niandike kweli au niache kumpotezea muda. Nikamkasirikia wiki nzima. Halafu nikaandika kweli, na baada ya muda nikaona haya kuiandika kwa maneno, nikawa naweka kiduara cha penseli.

Uliviona. Uliuliza mbele ya wageni vile viduara ni vya nini, nami nikakujibu ni siku za kumeza dawa ya presha. Nilidanganya. Sina presha. Ni siku ulizonipigia simu.

Viko thelathini na vinne. Nyuma ya thelathini na kimoja kuna keki, au sufuria la wali uliolala, au mkate mzima na siagi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kinapiga simu Jumatano na Jumamosi. Tangu mwanzo wa mwaka nimepanda kilo sita, na muuguzi ameniambia wazi kwamba sukari imerudi mlangoni, na safari hii haitabisha hodi. Kwa hiyo niliacha kupokea. Usiseme nimenuna. Nilikuwa naokoa mwili wangu.

Sasa utasema, kwa sababu tu nakuita Kibonge? Hapana. Jina hilo ulinipa nikiwa na miaka saba, nimelizoea kama kovu. Muuguzi naye alidhani ni jina hilo, akanishauri nikuombe uliache. Lakini nilikaa na daftari nikaangalia zile simu tatu ambazo hazikuniangusha, nikakumbuka tulizungumza nini. Moja ilikuwa ya paa la shule yako, nyingine kikohozi cha shemeji, ya tatu wifi yako na mbwa wake. Zile thelathini na moja zote, kabla hujakata simu, ulimtaja Shangazi.

Kila mara maneno ni yaleyale. Kwamba dada yake Baba aliletwa kumuuguza Mama, akamuua kwa kijiko. Kwamba daktari alishangaa sukari ya Mama haishuki na akauliza nani anampa mgonjwa vitu vitamu, nawe ukainua mto ukakuta kijiko kimeganda asali. Kwamba ulimfukuza Shangazi kabla matanga hayajaisha, na ungemfukuza tena. Miaka sita ukoo mzima umemkalia mbali kwa neno lako. Mwanao wa kwanza alipooa, yule mama mzima alisimama getini na zawadi aliyoifunga mwenyewe, ukamtuma mlinzi akamwambie orodha imejaa. Ukanipigia kunisimulia, unacheka. Siku hiyo nilikula mpaka nikatapika. Imeandikwa, ukurasa wa mwezi wa nane, uliuwekea alama ya kosa.

Ulimhukumu Shangazi kama ulivyolisahihisha daftari langu. Hukuuliza. Kalamu nyekundu ilikuwa tayari mkononi. Na hasira hii siifuti hata baada ya haya ninayokwenda kuandika, kwa sababu ungeuliza mara moja tu, miaka ile, nani mwingine alikuwa anaingia chumbani mwa Mama, nisingekuwa na daftari la viduara.

Niliingia mimi. Wewe ulikuja kila mwisho wa mwezi na matunda. Mimi nilipita kila jioni nikitoka kazini, na Shangazi akaniachia zamu aende akaoge. Mama alikuwa amekatwa mguu, amechoka na uji usio na ladha, amekuwa mdogo kitandani. Alinishika mkono akaninong'oneza:

“Nionjeshe tu, mwanangu. Kuonja si kula.”

Nikamwonjesha. Mimi ni mpishi, Dada, sijui njia nyingine ya kumpenda mtu. Jioni ya kwanza ilikuwa ncha ya kijiko. Ya pili kijiko. Baada ya wiki mbili nilikuwa nabeba kichupa cha asali kwenye mfuko wa aproni, na Mama ananingoja kama mtoto anayengoja zawadi. Alitabasamu, na mimi nilitaka lile tabasamu. Sijui kama asali ndiyo iliyomuua. Daktari alisema figo zilikuwa zimechoka kitambo. Ninachojua ni kwamba Shangazi hakumpa hata tone.

Naye alijua. Alirudi mapema jioni moja, ndoo mkononi, akaniona. Aliniambia niache, nikamwahidi nitaacha, sikuacha. Siku ulipoinua kijiko kile juu mbele ya watu na kumwita muuaji, alinitazama. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Neno lake moja lingetosha. Akafunga sanduku lake akaondoka. Nilimkimbilia mpaka barabarani, nikimwambia nitasema, nitasema, naye akanijibu: “Mama umeshampoteza. Dada usimpoteze leo.” Nikarudi ndani nikala kwenye sahani za waombolezaji.

Najua kijiko bado unacho, umekifunga kwenye leso kama ushahidi. Kifungue. Ni kirefu kuliko vya nyumbani, na mwisho wa mpini kina tundu la kutundikia. Chini ya tundu pamegongwa namba kwa msumari. Ni saba. Vijiko vya kuonjea vya kantini yetu vilikuwa kumi na viwili, nilivigonga namba mwenyewe vilipokuwa vinapotea. Njoo uvihesabu ukutani. Baada ya sita kinafuata cha nane.

Jumamosi naenda kwa Shangazi. Nyuma ya kiwanda cha mbao, chumba kimoja, nimeulizia. Siendi kuomba anyamaze zaidi. Nitamwambia mbele ya majirani zake, halafu nitawaandikia wajomba na binamu mmoja mmoja, kwa mkono huu huu. Siku ya harusi ya binti yangu Shangazi atakaa mstari wa mbele, kwenye kiti ambacho Mama angekikalia, nami nitakaa kushoto kwake. Kulia kwake nitaacha kiti chako. Ukikaa hapo, nitashukuru maisha yangu yote. Usipoweza kukaa hapo, usije. Nikuchukie wewe, unichukie mimi, lakini yule mama hatasimama getini tena.

Barua hii usiiandikie kitu kwa kalamu nyekundu. Msalimie shemeji, mwambie kikohozi akipe asali, yeye inamfaa. Wasalimie wanao wote. Binti yangu anasema anakusubiri, na hajui bado ni kwa nini nalia.

Nilianza kuandika baada ya chai ya saa kumi na sasa jua limefika kwenye kabati la vyombo. Sufuria la wali wa mchana liko hatua sita kutoka hapa nilipokaa. Nimezungumza nawe muda wote huu kuhusu Shangazi na sijainuka. Nikimaliza kukunja karatasi hii nitafungua daftari, nitaandika chai kikombe kimoja, bila sukari, na safu ya mwisho sitaweka kiduara. Nitaandika kwa maneno: nimemwambia Dada.

Ndimi mdogo wako wa tumbo moja,

Mpishi
(Kibonge nimekurudishia, umtunze mwenyewe.)