Zabibu Zako, Zambarau Zangu

Baba Agatha, mume wangu mpendwa,

Leo tumekamua zabibu. Mkweo Damiani ameteleza akaketi ndani ya hori la kukamulia, zabibu zikamfika kifuani, na binti yako amecheka mpaka akashika ukuta. Nimekukumbuka sana, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unakumbuka siku uliyoleta vile vijiti vya mzabibu? Ulikuwa mtunza bustani wa misheni, padre akakupa, ukavifunga kwa majani mabichi ya mgomba na kupanda navyo mlima umevikumbatia kama kitoto. Ukavichimbia kwenye shamba la ukoo wangu. Mjomba wangu alikuja kutazama, mikono nyuma.

"Umeoa kwetu, sawa. Unalima kwetu, sawa. Sasa unatupandia kamba?"

Kwa sisi Waluguru ardhi ni ya upande wa mama, na kauli ilikuwa yake. Akasema divai ya kwanza ikikosa mtu wa kuitaka, mizabibu itang'olewa ipandwe migomba. Sikuwahi kukuona ukipalilia kama mwaka ule.

Divai ikatoka. Nyekundu ya maji maji, kali kama limau. Ulikunywa, jicho moja likafumba.

"Nzuri," ulisema.

"Basi fumbua jicho."

Mimi nilikuwa na mtungi wangu wa zambarau, divai nyeusi, nzito, tamu. Ulionja ukaniuliza kama inanywewa kwa kijiko. Tukanuniana, kila mmoja akilinda mtungi wake, na yule Mgiriki mwenye hoteli karibu na stesheni ya Morogoro alikwisha kutuma neno kwamba yuko tayari kuionja divai yako.

Asubuhi ya safari nilikukuta uani unamimina zambarau zangu kwenye pipa la divai yako.

"Unafanya nini na divai yangu?"

"Nazifungisha ndoa."

Nilitaka kukasirika, lakini ulikuwa umeshaninyooshea kata. Nikaonja. Ukali wako ulikuwa umeuamsha utamu wangu, na utamu wangu umeutuliza ukali wako. Nikakuambia ongeza zambarau kidogo. Ukaongeza. Hapo tukatazamana, tukaanza kucheka wenyewe kama wendawazimu.

Jirani yetu Salehe alitusaidia kubeba pipa, mti begani, wewe mbele yeye nyuma. Tulilala Kiroka, kesho yake tukaingia mjini. Yule Mgiriki alipomkaribisha naye glasi, Salehe alirudi nyuma.

"Mimi Mwislamu, bwana. Humu nimo kwa mabega tu."

Mgiriki akanywa. Akanywa tena, akamwita mkewe kutoka jikoni, naye akanywa.

"Nani ameitengeneza?"

Mume wangu, ilikuwa ndiyo siku yako. Wewe ndiye uliyetukanwa kwa ajili ya mizabibu ile. Lakini ulinishika bega ukanisogeza mbele.

"Huyu, mke wangu. Mimi nimetia ukali tu."

Nimeishi na maneno hayo miaka yote hii. Na Mgiriki akataka divai yote tutakayopata, maana Wadachi, watawala wa siku zile, waliokuwa wakishuka kwenye gari la moshi walifika kwake na kiu kubwa. Mjomba aliposikia, alitufyekea mwenyewe kipande cha juu cha shamba, akawaambia watu kwamba mizabibu aliiamini tangu mwanzo. Tulimwachia.

Ulipofariki, mvuno uliofuata niliuharibu. Nilitia zambarau nyingi mno, nadhani kwa sababu sikupata mtu wa kunibishia. Sasa ninaye. Agatha ndiye mwenye zabibu, na amerithi ulimi wako na ubishi wako. Juzi ameniambia divai yetu imezeeka, anataka kuijaribu na choya, yale maua mekundu machachu. Nimemwambia haiwezekani. Amesema itawezekana. Tumegombana tangu jikoni mpaka kisimani, Damiani akatukimbia.

Jana nikamnunulia mtungi mpya wa choya yake, wake peke yake. Nimeuweka tu pale kivulini, kando ya wangu, na leo nimemkuta anauosha huku anaimba.

Pumzika, mume wangu. Nyumba yako ina kelele, na zote ni za heri.

Mimi mkeo akupendaye,
Mama Agatha