Mume Wangu Anadhani Naumwa, Kumbe Nimeshiba

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie upesi, maana Alhamisi mume wangu ananipeleka kwa daktari na mimi siumwi.

Mimi ni fundi wa magauni, nina miaka hamsini na mbili, na mume wangu alikuwa mpishi wa hospitali kwa miaka ishirini na tisa mpaka alipostaafu mwaka jana, na tangu hapo jiko la nyumbani ni lake, mimi hata mwiko sishiki, na majirani wananionea wivu, nami naitikia kwa kichwa tu, kwa sababu Shangazi, yule bwana bado anapikia wodi. Chumvi ni ya kunusa, mafuta hakuna, viazi vya kupondwa, kuku anachemshwa mpaka anasahau kama aliwahi kuwa kuku, na saa sita na nusu kamili lazima tuwe mezani. Nampenda, niliandike hilo mapema, ni mpole na hajawahi kunipandishia sauti.

Sasa miezi mitano iliyopita wenzangu wawili wa pale tunaposhonea, Mama Vifungo na mdogo wetu anayedarizi, walinivuta Jumapili twende mgahawa mmoja ulio juu ya duka la miwani, tukale ule mlo wa saa nne na nusu ambao si chai wala si chakula cha mchana, na Shangazi, niliwekewa mayai yenye uyoga na jibini, viazi vya kukaanga vinavyolia mdomoni, sosi ya pilipili, juisi yenye povu, na kitambaa cha meza kimepigwa pasi, machozi yakanilengalenga, halafu nikacheka mpaka Mama Vifungo akanipiga teke chini ya meza. Tangu siku hiyo kila Jumapili tuko huko, au tunajaribu mgahawa mwingine, na nyumbani naaga kwamba nakwenda kumpima bibi harusi gauni. Bibi harusi gani wa kupimwa kila Jumapili kwa miezi mitano, hata mimi namwonea huruma.

Basi narudi nimeshiba, naketi mezani, nachezea chakula, nasukuma sahani, na siku nyingine za wiki nikikumbuka vile viazi vya kukaanga nasukuma vilevile. Na mume wangu akili yake ni ya hospitali: jikoni kwao walimjua mgonjwa aliyezidiwa kwa sahani inayorudi imejaa. Akaanza kunitazama. Akapunguza chumvi, ile ile kidogo iliyobaki, kisha ukaja uji mwepesi, kisha supu ya kuchujwa, na kadiri ninavyoshindwa kula ndivyo anavyozidi kulainisha. Wiki iliyopita nilimkuta jikoni ameketi, taulo ya vyombo mkononi, analia. Akaniambia, "Mke wangu, kama kuna jambo umeambiwa na daktari unanificha, niambie tu. Sahani za namna hii nimezipokea nyingi. Wenyewe wengi hawakurudi nyumbani."

Nikasema ni uchovu. Ukweli mdomo uliukataa, Shangazi. Nikisema kweli, namwambia mtu aliyelisha wagonjwa maisha yake yote kwamba chakula chake kinanishinda, na nikinyamaza namuua kwa wasiwasi. Na kibaya zaidi, kule mgahawani sitaki kuacha kwenda. Nifanyeje?

Fundi Mzima wa Afya

*

Fundi, nilikuwa nacheka vizuri mpaka nilipofika kwa huyo mtu mzima anayelia na taulo mkononi. Hapo nikaiweka barua yako chini. Mwenzako anakulilia kama marehemu, na wewe unacheua uyoga! Aibu ikushike kidogo, halafu ikuachie, maana kazi ipo.

Kwenda kula vizuri na wenzako si kosa. Umeinamia cherehani wiki nzima, una haki ya kuketi ukahudumiwa. Kosa lako ni huyo bibi harusi. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili unatoroka kwenda kula mayai kama mwanafunzi wa bweni anayeruka ukuta, kweli?

Usingoje Alhamisi. Leo, kabla hajavaa aproni, mketishe, mshike mkono, na neno la kwanza liwe "siumwi". Usianze na jibini, usianze na Mama Vifungo, na chumvi usiitaje kabisa. Siumwi. Mwache avute pumzi. Ndipo umweleze yote. Atakasirika, na ana haki, kwa hiyo usijitetee, acha akasirike mpaka amalize. Wala usimwambie chakula chake ni kibaya, kwa sababu si kibaya. Ni cha wagonjwa, na hakuna aliyemwambia kwamba wagonjwa wamebaki hospitali. Mwambie hivi: "Mimi ni mzima, nipikie kama mzima." Mpishi wa miaka yote hiyo hashindwi kukaanga kiazi.

Kwa daktari nendeni vilevile. Baada ya jibini la miezi mitano, kupimwa presha hakutakudhuru.

Kisha Jumapili mchukue mumeo. Wenzako wakupishe wiki moja, watanuna, watapona. Mketishe mgongo kwa jiko, la sivyo atainuka kwenda kusaidia. Ataionja sosi aseme imezidi chumvi, mwache aseme. Asipopapenda, basi, zile Jumapili nyingine utakwenda na wenzako, lakini utaaga kwa ukweli.

Jambo moja la mwisho. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ambapo mtu alimpakulia huyo bwana chakula. Sikupaona. Amepakulia watu wodi kwa wodi, akastaafu, akaanza kukupakulia wewe. Jumapili aletewe yeye. Wewe nyamaza tu, umtazame anavyokula.