Chapa Yetu Chini ya Dubu wa Watu

Jumamosi. Upepo wa mlima Hanang unavuma tangu alfajiri, macho yamejaa vumbi. Nimechukizwa. Hata chai nimeiacha ikapoa.

Naandika kwa kidole kimoja kwenye hii simu, herufi zikikosea zisomeni hivyohivyo. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini tezo yangu ya kuchongea ilimaliza chuo. Ulizeni kuanzia Nangwa mpaka Mogitu, nani anachonga mzinga ambao nyuki hawauhami.

Petro ni mwanangu wa kwanza. Ana gesti pale barabarani. Alinionyesha picha: gogo refu lililochongwa wanyama, mmoja amemkalia mwenzake kichwani. Akasema ni nguzo ya Watlingiti, watu wa Alaska, kwenye baridi kali. "Baba, hii utaiweza?"

Kuniuliza mimi kama nitaweza!

Nikatafuta gogo la mgrevilia, nikachonga. Juu kunguru, mdomo kama jembe. Katikati tai. Chini dubu. Dubu sijawahi kumwona, nikamfanya kama nyegere aliyeshiba. Akatoka vizuri kuliko wa kwenye picha, nasema ukweli.

Kunguru ndiye alinisumbua. Huku kwetu anakula uchafu, sasa mtu gani anamweka juu ya wote? Mama Petro alimaliza la saba, akanisomea kwenye simu. Kumbe wale watu wana pande mbili, Kunguru na Tai, na mtoto anafuata ukoo wa mama yake. Kila ukoo una wanyama wake, wa ukoo mwingine hawamchongi bila ruhusa. Nguzo hawaiabudu. Inasimulia ukoo umetoka wapi, nyingine inamkumbuka marehemu. Siku ya kuisimamisha wanaalika upande wa pili, wanawalisha, wanawapa zawadi, ili wawe mashahidi.

Nikaweka tezo chini.

Hilo nalijua bila kusoma. Sisi Wabarabaig kila ukoo una chapa yake kwenye ngozi ya ng'ombe. Ukipiga chapa yako kwenye ng'ombe wa mwenzako, wewe ni mwizi, kesi imeisha.

Nikamwambia Petro, ruhusa yenyewe hatuna, basi angalau tuseme wazi: hii ni ya Watlingiti, sisi tumeiga. Akaitikia, "Sawa, baba."

Leo nimefika gestini. Kuna wageni kutoka Dar wanakula nyama. Nguzo imeegemea ukuta, imepakwa rangi nyekundu kama mdomo wa bibi harusi. Petro anawaambia, "Hii ni ya mababu zetu. Hawa wanyama ni mizimu ya ukoo wetu." Mama mmoja akapiga makofi. Nikaangalia chini ya yule dubu. Petro amechoma chapa yetu. Chapa ya marehemu baba yangu!

Nilitema mate palepale.

"Petro, dubu babu yako alimwona wapi? Endagikot?"

Wageni wakacheka. Yeye hakucheka. Akanisogelea, akanong'ona, "Baba, usiniaibishe. Ni biashara tu. Nani atajua?"

"Mimi najua. Na umeiba ng'ombe mbele ya mashahidi."

Tezo huwa natembea nayo. Nikaikwangua ile chapa mpaka mti ukabaki mweupe. Nikawaambia wageni, nguzo hii ni ya Watlingiti, mababu zetu hawamo. Mkono tu ndio wangu, na mkono kama huu hamtauona tena.

Kesho baada ya misa alitaka niisimamishe mbele ya watu, amealika hadi majirani. Nimekataa. Haisimami mpaka awaambie ukweli kwa mdomo wake.

Nyumbani mama Petro akanipokea kwa maneno. "Mzee wewe, umemvua mtoto nguo mbele ya wateja wake!"

Nikamjibu, amejivua mwenyewe, mimi nimeonyesha tu alipo uchi. Akaingia jikoni.

Uongo unanuka. Kuwachukua wafu wa watu wengine, ukawafanya wako, ili watu wapige picha! Bado kinywa changu kichungu.

Lakini nilipoondoka gestini Petro hakuniaga. Haijawahi kutokea. Kesho atapita hapa kwenda kanisani, njia ni hii moja. Nitakaa mlangoni. Shikamoo ni ya kwake kuileta, mimi sianzi.

Akipita kimya, je?